Changu Hula Mwezi Saba

Mji wa Kale umejaa watu watakaokwambia kwamba changu hula saa yoyote, mradi una chambo kizuri. Usiwasikilize. Hao ni wavuvi wa barazani. Changu ana saa yake. Maji yakiwa yamekupwa hukaa kwenye kina, kimya, na unaweza kumwekea kipande cha pweza mbele ya pua asifunue kinywa. Maji yakigeuka na kuanza kujaa, kaa hutoka kwenye mashimo ya mwamba na changu hupanda kuwafuata. Hula kwa pupa muda wa saa moja, pengine hata haifiki. Baada ya hapo unapoteza wakati wako.

Haya nilifundishwa na baba yangu. Alikuwa mshoni wa kanzu, na mshipi alivulia kitoweo cha nyumbani tu. Siku aliyoipenda kuliko zote ni mwezi saba, yaani siku ya saba tangu mwezi kuandama. Siku hiyo maji ni mafu, hayana nguvu ya kukokota, chubwi, kile kizito cha mshipi, hutulia chini, na kugeuka kwa maji huangukia alasiri. Lakini lazima uhesabu sawasawa. Kila siku inayopita maji huchelewa karibu saa nzima, kwa hiyo aliyekosea siku moja hufika mwambani changu wameshakula na kuondoka.

Na hapo ndipo tulipokosania, kwa sababu Mombasa mwezi unaweza kuandama mara mbili. Wako wanaofuata habari za mwezi kutoka nje, na wako wanaongoja uonekane kwetu. Baba alingoja wa kwetu. Mimi, tangu nihamie mtaa wa Buxton na kuanza kusali na wenzangu wa kazini, nilifuata wa nje. Wako wengi wanaohitilafiana hivyo na bado wanakula sahani moja. Mimi sikuweza. Sikutosheka kuufuata, nilitaka na yeye aufuate.

Mwaka huo Idi yangu ilitangulia yake kwa siku moja. Nikawavika wanangu nguo mpya, nikabeba sinia la biriani hadi nyumbani kwake mchana, nikijua vyema kwamba nyumba ile imefunga. Yeye mwenyewe alikuwa amekatazwa na daktari kufunga kwa ajili ya sukari, lakini hakuwa akila mbele ya watu. Dada yangu, anayekaa naye, alilipokea sinia bila kunitazama, akalifunika. Baba aliwabusu wajukuu, akawapa chochote kitu, akaniuliza habari za kazi. Nilirudi zangu nikijiona nimeshinda.

Siku chache baadaye daktari alisema mguu wake wa kushoto hauponi tena, lazima ukatwe juu ya goti. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Tulipotoka aliniomba neno moja tu.

"Nipeleke mwambani mwezi saba, mwanangu. Nisimame kwa miguu yangu miwili, changu wakila."

Kitanda hospitalini tulikuwa tumepewa siku ya saba kwa hesabu yake, ambayo kwangu ilikuwa siku ya nane. Nilipiga simu, na nesi akaniambia kwamba tukiwa na udhuru tunaweza kumpeleka siku inayofuata, hapana neno. Sikumwambia baba. Nilimwambia: "Mwezi saba ni kesho, na kitanda ni keshokutwa. Mambo yamejipanga yenyewe."

"Kesho ni sita," alisema.

"Kwako."

Kesho yake alasiri nilimchukua kwa tuktuk hadi ufukwe wa Mama Ngina, nikamshika kwapani tukashuka mwambani polepole, yeye akiuma midomo kila hatua. Mawe ambayo yangalikuwa makavu yalikuwa yameshaanza kufunikwa.

"Yameshageuka kitambo," alisema.

"Bado, baba," nilisema, na maji yananiingia viatuni.

Alitia chambo, akatupa mshipi, akasimama. Nilimwona akiuegemea ule mguu mzima, kisha mbovu, kisha mzima. Hapakudonoa kitu. Mara moja tu ndoana ilishika mwani. Tulikaa hadi aliposhindwa kusimama, nami nikamwambia kwamba siku hizi bahari imeharibika, samaki wamekwisha. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa ili wanaouza mihogo juu yetu wasikie pia.

Siku ya pili asubuhi nilimlaza wodini. Alasiri nikarudi mwambani peke yangu na mshipi wake. Sikwenda kuvua. Nilikwenda kuhakikisha kwamba hamna kitu, ili nipate la kusema. Maji yalikuwa yametulia tuli. Mara yakaanza kusogea, na chubwi haijagusa chini vizuri, mshipi ukavutwa. Nilitoa changu watano, mmoja baada ya mwingine, wanene. Nilikuwa nimemwibia baba yangu saa moja ya maisha yake ambayo hairudi, na nilikuwa nimeiiba kwa ubishi tu, wala si kwa dini.

Samaki wote nilimpa muuza mihogo. Nikanawa mikono kwa maji ya bahari, nikapanda tuktuk kuwahi saa ya kutazama wagonjwa.

Baba alikuwa ameketi kitandani, mto mgongoni, amevaa gauni la hospitali.

"Watoka mwambani?" aliniuliza.

"Naam."

"Wamekula?"

Nilikuwa na nafasi pale. Ningeweza kusema ndiyo, ningeweza kuomba radhi, angenisamehe kabla sijamaliza. Nikasema, "Hata mmoja, baba."

Alininyoshea mkono. Nikainama kuubusu. Hakuniachia; aliukamata wangu, akausogeza puani kwake, akaunusa. Kisha akaurudisha taratibu juu ya shuka.

"Enda kaoge," alisema, "uwahi magharibi."

Asubuhi yake walimkata mguu. Ni miaka mitatu sasa, na hajaniuliza tena habari ya maji.