Gemu la watu wa mikono ya chuma, na kidole gumba changu kilichogoma

Wakuu, salama humu? Wachache mlionizidi umri, shikamooni. Mimi shule niliishia njiani, herufi zikipinda mninyooshee wenyewe. Ila haya yamenipata mimi, sijasimuliwa.

Nipo Nguvumali, Tanga. Kazi yangu kumenya machungwa ya Muheza na kuyauza. Na kumenya chungwa ni gumba la kulia, kisu kinafuata tu.

Basi kiharusi kikanipiga upande huo huo.

Mguu umerudi, mdomo umenyooka alhamdulillahi. Gumba likagoma. Mtu wa mazoezi hospitali akanipa mpira wa kuminya. Nikaminya nikachoka, mpira haukwambii umefika wapi. Kibandani akakaa mke wangu, mama Zuhura, mimi ndani nawaza: hili lisiporudi, mimi ni nani?

Zuhura ni binti yetu, mtu mzima, fundi simu, ana gemu lake la kwenye TV. Akanitia mkononi pedi, kile kidude cha kuchezea gemu. "Baba, minya hii badala ya mpira."

Gemu lenyewe ni la mji wa miaka ijayo. Mataa kila ukuta, watu nusu nyama nusu chuma, mvua hainyamazi. Nimeuzunguka mji mzima sijasikia adhana wala jogoo, na hakuna anayekwambia karibu. Kijijini Mwera nilikozaliwa, ukipita nyumba tatu hujakaribishwa, ujue umekosana na watu. Haya, tuendelee.

Pedi sasa. Gumba la kushoto linatembeza. La kulia linageuza shingo, na hilo hilo linabonyeza vitufe: mraba unazungumza na mtu, pembetatu unatoa bastola. Vimekaa pua na mdomo!

Nikamwendea bibi mmoja anauza tambi, nimsalimie. Gumba likateleza.

"Baba! Umemtolea bastola bibi wa watu!"

Soko zima likakimbia. Mimi naomba radhi kwa mdomo, polisi wananimiminia risasi. Mama Zuhura kasimama mlangoni, mbavu hana. "Ndo salamu zenu za Mwera hizo?"

Jingine, kujibu kuna muda. Mtu anakuuliza, kuna mstari unapungua, ukichelewa umehesabiwa umenyamaza. Mimi nimezoea kwanza habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Kule ushapigwa.

Siku moja baada ya alasiri nikafika kwa fundi wa viungo. Anakukalisha kitini, anakuuliza: tuutoe mkono huu tukutie wa chuma?

Jasho likanitoka, wakuu. Jasho la kweli.

"Bonyeza tu baba, ni gemu."

"Hapana mwanangu. Wa kwangu naungoja."

Nikatoka, nikaingia uchochoroni. Mtu akanipiga kwa nyuma. Siku zote hapo Zuhura hunigeuzia shingo kwa kidole chake. Safari hii kashika simu ya mteja, hana habari. Nikaona ukuta unapita, nikaona pipa la taka, halafu yule mtu uso kwa uso.

Akaniua, sawa.

"Baba, nani kageuza?"

"Mimi."

"Hebu rudia."

Nikarudia. Gumba halikwenda.

Moyo ulinidunda kuliko siku ya kiharusi, maana siku ile sikujua ninapoteza nini. Nikavuta pumzi, nikarudia tena. Shingo ikasogea, toka ukutani mpaka kwenye pipa, ikakoma hapo. Zuhura akafuta macho kwa mtandio, mimi nikajifanya naangalia mvua ya kwenye TV.

Sasa hivi gumba linageuza, ila linachoka upesi. Kila nikiamka, kabla sijatia mguu chini, nalijaribu kwanza ndani ya shuka. Na kila siku naogopa. Chungwa namenya moja tu, linatoka na makovu, hauziwi mtu. Mama Zuhura hulila yeye.

Nilichojifunza: dawa usiidharau kwa kuwa ina sura ya mchezo, na mpira wa hospitali usiutupe. Mimi nafanya vyote viwili.

Mnaolijua gemu hili, kasi ya kamera inapunguzwa wapi? Nikigusa kidogo inazunguka kama pia.

Na mliopigwa na kiharusi kama mimi: vidole vyenu vilirudi vyote, au vilifika mahali vikasimama? Semeni tu ukweli, msinipoze.