Chujio la Kisima cha Waithaka

Watu wengi wa Kabiria waliijua mikono ya Milcah Nasimiyu kabla ya kulijua jina lake. Vidole vilijaa michubuko na makovu madogo madogo, kama vya mtu anayefuga paka mkali. Hata Jumapili kanisani, akiwa amejipaka mafuta na kuvaa gauni lake la kijani, aliyempa mkono wa salamu aliuhisi ukikwaruza. Alikuwa akishona waya.

Hakuja Nairobi kwa kazi hiyo. Alitoka kwao Kimilili akiwa fundi wa nguo, akapanga kibanda Kawangware na kushona sare za shule mpaka mitumba ikamnyang'anya wateja. Mumewe, Dalmas Okinyi, mtu wa Ugenya, alikuwa akichimba visima vya bomba katika ploti za Riruta, Kabiria na Dagoretti. Siku moja Dalmas alirudi nyumbani amekasirika. Kisima alichokabidhi majuzi kilikuwa kinatoa maji yaliyochanganyika na mchanga, pampu imeshaungua, na mwenye ploti anamtafuta. Milcah, aliyekuwa akipiga pasi, alimuuliza kwa nini hawalivishi hilo bomba shati. Dalmas alicheka, kisha akaacha kucheka.

Walikwenda mjini pamoja, Barabara ya Kirinyaga, wakazunguka maduka ya vyuma mpaka wakapata wavu wa chuma kisichoshika kutu, wenye matundu madogo kuliko ya chekeche ya unga. Dalmas aliyatoboa mabomba kwa nyufa nyembamba sehemu ile ya chini inayokaa ndani ya maji. Milcah alizungushia wavu na kuushona kwa waya mwembamba, hatua kwa hatua, kwa sindano ya magunia na koleo. Bomba likishashuka, walimimina kokoto ndogo kulizunguka. Maji yalipita, mchanga ukabaki nje. Naye Dalmas alipenda kuwaeleza wateja kwamba mchanga ukibaki nje, ardhi nayo inabaki mahali pake.

Kwa miaka kadhaa waliishi kwa kazi hiyo. Haikuwatajirisha, ila ilimpeleka binti yao Ivyne sekondari, na iliwafanya wawe kitu kimoja kwa namna ambayo ndoa nyingi haziwi. Dalmas hakukubali kazi kabla ya kumshauri mkewe. Angalau hivyo ndivyo Milcah alivyoamini.

Kisima cha Zachariah Waithaka kilikuwa miongoni mwa visima walivyojivunia. Waithaka alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyezaliwa Kabiria wakati bado ni mashamba ya mahindi na ng'ombe. Kwenye shamba la babake alikuwa amejenga vyumba vya kupangisha, mstari hadi mstari, na mifereji ya jiji ilipokauka, aliamua kuwachimbia wapangaji wake maji. Alipenda kusema mbele za watu kwamba kisima chake kimeshonwa na mwanamke. Milcah alilichukua neno hilo kama zawadi.

Kisha mvua za vuli zilikosa kunyesha, na kiangazi kikaendelea bila huruma. Baadaye, katikati ya masika, watu walikuja mbio hadi nyumbani kwa Milcah, upande wa pili wa Kabiria, wakamwambia ardhi imefunguka kwa Waithaka.

Dalmas alikuwa ameitwa asubuhi hiyo kuangalia ufa uliotokea kwenye saruji ya msingi wa pampu. Aliinama kuifungua pampu, na mahali pale pote, saruji, pampu, sehemu ya ukuta wa choo na yeye mwenyewe, pakashuka kwa pamoja. Walioona walisema hapakuwa na kishindo kikubwa. Ilikuwa kama mtu kukaa kwenye kiti ambacho hakipo. Wanaume walichimba kwa majembe na kwa mikono, udongo ukawa unamomonyoka na kuwarudia, mpaka tingatinga likaazimwa kutoka kwa watu waliokuwa wakijenga ghorofa karibu na hapo. Dalmas alitolewa kesho yake. Pamoja naye lilitoka bomba, limepindika kama mkono uliovunjika.

Milcah aliufunika uso wa mumewe kwa leso yake. Akasimama, akaliendea bomba, akalipapasa. Nyufa zilikuwa wazi. Hapakuwa na uzi hata mmoja wa waya, wala alama ya mshono. Nyuma yake alisikia mwanamume akimweleza mwenzake kwamba ni ule wavu wa yule mama uliokatika, ndio mchanga ukaingia na ardhi ikabaki tupu. Mwenzake akaitikia kwamba kazi ya vyuma si kazi ya cherehani.

Maneno hayo yalienea Kabiria kuliko habari ya kifo chenyewe. Waliokuja kumpa pole walimshika mikono ile iliyokwaruza na kuiachia upesi. Naye hakuwa na uhakika wa kitu. Labda kweli mshono ulikatika. Alilala akihesabu makosa ambayo huenda aliyafanya.

Siku ya tatu alikuwa akitafuta kitambulisho cha Dalmas, kwa kuwa mochari walikitaka. Alivuta gunia lililokuwa juu ya dari pamoja na vyombo vya kazi. Ndani mlikuwa na chujio, ule wavu alioushonea bomba la Waithaka. Lilikuwa limeviringishwa kwa uangalifu, limeoshwa likang'aa, na mshono wake wote ulikuwa mzima kama siku alipoumaliza. Aliufuata kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akaketi sakafuni, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza, wala hakujua analia kwa huzuni, kwa hasira au kwa sababu hakuwa amemuua.

Alimwendea Joyline. Huyu alikuwa mpangaji wa Waithaka, muuza mboga, rafiki yake wa kwaya. Joyline alipoliona gunia alijua limebeba nini.

"Mama Ivyne, hiyo waya haikukatika," alisema. "Ilitolewa. Na sisi ndio tuliomba."

Akamweleza yote. Wakati wa kiangazi, tope na kutu ya maji viliziba matundu ya wavu, na maji yakawa yanatoka kama uzi. Wanawake walipanga foleni na mitungi tangu alfajiri, na wawili wakapigana hadi mmoja akapasuka mdomo. Wapangaji walimtuma Joyline kwa Waithaka kumwambia kwamba watahama. Waithaka alimpigia Dalmas. Dalmas alitaka kulitoa chujio, aliloweke kwa dawa ya kutu na kulirudisha, lakini hiyo ilikuwa kazi ya siku kadhaa bila tone la maji, na Waithaka hakutaka hata kuisikia. Wakaelewana kwamba bomba lirudi uchi, na chujio lirudishwe kiangazi kikiisha. Dalmas alifanya kazi hiyo Jumapili, wakati Milcah alikuwa kanisani.

Maji yalitoka kwa nguvu. Yalikuja na mchanga kidogo, lakini mtungi ukikaa, mchanga unatulia chini, na Waithaka aliuzoa ule wa kwenye tangi na kumwaga uani penye matope. Hakuna aliyejiuliza mchanga huo ulikuwa umeshikilia nini. Mvua iliponyesha, Dalmas alikuja kuomba pampu izimwe alirudishe chujio. Aliambiwa angoje kidogo. Akangoja.

"Dalmas alituambia tusikwambie," Joyline alisema. "Alisema ungemkataza."

"Ningemkataza," Milcah alijibu.

Kamati ya mazishi ilikuwa ikikutana mjini jioni, watu wakitoka kazini, kwenye ukumbi wa ghorofani katika hoteli moja karibu na River Road. Mwenyekiti alikuwa Maxwell, kaka mkubwa wa marehemu, karani katika ofisi ya bima. Alikuja kila mara na tai, na aliongoza mikutano kama anayeongoza ibada. Watu wa Ugenya waishio Nairobi walijaa, na ujumbe wa Kabiria nao ukafika, Waithaka akiwa mbele. Alikuwa ametoa gari la kusafirisha mwili, pamoja na jeneza. Watu walimpigia makofi.

Maxwell alisema kwamba kabla ya safari, wazee wa nyumbani wamepiga simu wakiuliza ni nini hasa kilichomuua kijana wao, kwani yamesemwa mengi. Hakumtazama Milcah aliposema hivyo, lakini ukumbi wote ulimtazama.

"Shemeji," alisema, "hapa uko kwa watu wako. Tuambie tu jinsi ilivyokuwa. Kama waya ilikatika, ni ajali. Hakuna atakayekuhukumu."

Milcah aliona jinsi mlango huo ulivyokuwa mwepesi kupitia. Angekubali kwamba mshono ulikatika, Dalmas angezikwa kama fundi aliyeponzwa na kazi ya mkewe, na wote wangemhurumia. Waithaka alikuwa ameketi karibu na dirisha akikishika kikombe chake cha chai kwa mikono yote miwili. Milcah alimpa nafasi. Alingoja mpaka mtu mmoja akakohoa. Waithaka hakuinua macho.

Basi alilitoa chujio kwenye gunia alilokuja nalo na kulikunjua juu ya meza, kati ya vikombe.

"Hii ndiyo kazi yangu," alisema. "Haijakatika mahali. Dalmas aliitoa mwenyewe kwenye kisima, kwa sababu maji yalikuwa kidogo na aliombwa atoe. Hakuniambia. Alitaka kuirudisha, lakini hakuirudisha."

Hakumtaja aliyemwomba. Alidhani mtu huyo angejitaja.

Maxwell alilitazama chujio. Uso wake ulikuwa umebadilika, na kwa mara ya kwanza alifanana na mdogo wake. Alisema kwa sauti ya chini kwamba marehemu hawezi kujitetea. Shangazi yao aliyekuwa kando alisema jambo kwa Kijaluo, na wanawake waliomzunguka wakaguna. Kisha Maxwell akamwomba Milcah aondoe kitu hicho mezani ili mkutano uendelee. Waliendelea na habari za hema na wapishi.

Huko Ugenya, Dalmas alizikwa vizuri. Milcah alipewa kiti, alipewa chakula, na hakuna aliyemtusi. Ila mama mkwe hakumwita kukaa naye ndani hata mara moja, na wasifu wa marehemu uliposomwa ulisema aliponzwa na kazi aliyoipenda, wala haukutaja kwamba kazi hiyo waliifanya wawili. Ivyne alimuuliza mamake njiani kurudi kama kulikuwa na lazima ya kusema. Milcah alimwambia hajui.

Wiki chache baada ya hapo, Waithaka alibisha hodi. Kisima chake kilikuwa kimeamriwa kufukiwa kwa mawe na udongo, na wapangaji wake sasa walinunua maji ya mkokoteni. Nusu ya vyumba vilikuwa vitupu. Alikataa chai. Alisema hapati usingizi, kwamba pale hotelini alitaka kusimama aseme lakini hakuthubutu, na kwamba amekuja kumpigia Maxwell simu mbele ya Milcah, amweleze kwamba amri ilitoka kwake.

Alipiga kweli. Milcah alisikia mlio, kisha sauti ya Maxwell, ya adabu, ikisikiliza mpaka mwisho. Maxwell alijibu kwamba anashukuru mzee amepiga, lakini familia imeshalifunga jambo hilo, na kulifungua ni kuichimbua maiti. Akamtakia siku njema.

Waithaka alibaki na simu mkononi. "Nimechelewa," alisema.

"Umechelewa, Mzee Waithaka," Milcah alimwambia. Hakumfukuza, wala hakumpa neno jingine la kumsaidia kuinuka. Mzee aliinuka mwenyewe.

Kwa miezi Milcah alifua nguo za watu katika maghorofa ya Kileleshwa. Sabuni iliingia kwenye michubuko na kumchoma, na vidole vikaanza kulainika. Lakini karo haikungoja, na alipoitwa na wachimbaji wawili waliowahi kufanya kazi na Dalmas, alirudia waya. Safari hii aliweka sharti kwamba atakuwapo bomba likishushwa, na kwamba likitolewa, litolewe mbele yake. Walikubali.

Mwaka uliofuata, mwenye jengo moja Dagoretti ambalo kisima chake alikishonea chujio, mama wa makamo aitwaye Muthoni, alimpigia kwamba maji yamepungua, aje atoe kile kichungi. Milcah alikwenda. Alimweleza polepole, akamwonyesha namna ya kukiosha, akamwambia siku ngapi angehitaji kununua maji nje. Mwishowe alimsimulia habari ya Dalmas, jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mgeni yeyote. Muthoni alisikiliza na machozi yakamlengalenga. Alimshika mkono, akasema pole sana, ni mambo ya Mungu.

Kabla ya juma kuisha, alimwita fundi mwingine akakitoa.

Milcah alipata habari hizo kutoka kwa mlinzi wa jengo. Alikwenda kwa chifu, akaambiwa hakuna kosa lililotendeka. Alizungumza na wapangaji wawili langoni, wakamwambia maji sasa ni mazuri. Jengo lile bado limesimama, ghorofa nne, nguo zimeanikwa kwenye roshani zote. Milcah akipita Dagoretti huvuka barabara na kutembea upande wa pili.