Maziwa ya Kiwandani

Juzi, kwenye dirisha la zahanati moja ya Elerai, nilimsikia nesi akimwambia mfanyakazi wa kiwanda cha mbao kwamba ana kifua kikuu.

“Haiwezekani, sista,” alisema baba yule. “Tajiri anatugawia maziwa kila mchana, yatoe vumbi kifuani.”

Tajiri huyo, alipouziwa kiwanda na serikali, alianza kwa kuifunga zahanati ya wafanyakazi.

“Na unayanywa?”

Akaigeuzageuza kofia mkononi. “Nampelekea mtoto wangu wa mwisho. Ndiye ninayelala naye.”

Nesi akaweka kalamu chini. “Basi kesho mlete, baba.”

Tuliambiwa kiwanda kimeuzwa pamoja na mashine zake. Hakuna aliyetuambia kwamba na vifua vya watu vilikuwemo.