Ile movie ya Kibrazili mnayoiponda, sisi Lundo tuliikalia matanga

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu poleni na mihangaiko.

Nimetoka kule kwenye uzi wa movie mbovu za kutisha. Nimesoma komenti zote kuhusu ile ya Wabrazili, ile ya vijana wanaoingia msituni na camera ya mkononi, wanapotea, camera inakuja kuokotwa baadaye.

Mmeiponda haswa. Mmoja kasema camera inatikisika mpaka kichwa kimemuuma. Mwingine kasema bajeti yake ni ya vocha. Mwingine alisinzia, akaamka, akakuta bado wanatembea.

Sibishi.

Ila mimi hiyo movie niliiona zamani, na sisi hatukuipa nyota. Tuliikalia matanga. Nitaandika nilichokiona kwa macho yangu. Chai, yaani stori ya kutunga, sina; anayetaka chai akachemshe.

Ni miaka ya tisini mwishoni. Soko huria limeshika, wanunuzi binafsi wa kahawa wamejaa Mbinga, kila mwenye shamba anataka kuwa mfanyabiashara. Kaka yangu Osmund, mtoto wa baba mkubwa, aliuza kahawa yake akashuka kijijini kwetu Lundo, kando ya ziwa, na jenereta, TV na deki. Akajenga banda la mabanzi, akaziba madirisha kwa viroba.

Mimi nilikuwa nawasha jenereta na kurudisha kaseti nyuma kwa kalamu, maana ile deki ilikuwa inatafuna mkanda.

Tulionyesha picha Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani. Karate na vita, basi. Na watazamaji wa Lundo walikuwa na sheria moja tu: steringi hafi.

Steringi, yaani shujaa wa picha, akipigwa risasi ya kifua, watu wanaendelea kutafuna karanga. Wanajua ataamka.

Sasa nimlete Mama Adelino, maana bila yeye uzi huu hauna maana.

Alikimbia vita Msumbiji, akapitia Chiwanda mpakani, akafika kwetu. Njiani kwenye purukushani alipoteana na mwanawe wa pekee, Adelino, kijana aliyekuwa anaanza kuota ndevu. Akaolewa Lundo na mvuvi, mvuvi akafa, yeye akabaki. Kijiji kizima tulimwita kwa jina la mtoto ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona.

Vita viliisha. Wenzake wakarudi kwao. Yeye hakurudi, kwa sababu aliwatumia watu salamu kwamba Adelino akionekana aelekezwe Lundo. Akiondoka, mtoto atamkuta nani?

Kila jioni alipika ugali wa watu wawili. Sahani moja alikula, nyingine aliifunika kwa kawa akaiweka. Asubuhi aliwapa kuku.

Watu wa ukoo wa marehemu mumewe walimshauri mara nyingi. Walisema mtu akipotea bila mwili kuonekana, unazikwa mgomba badala yake, matanga yanakaliwa, aliyefiwa anapumzika. Yeye jibu lake lilikuwa moja siku zote.

"Mimi sijaona maiti. Nitamlilia mtu aliye hai?"

Watu wakachoka kumwambia.

Basi Jumapili moja Osmund akarudi kutoka Mbinga na kaseti aliyoazima kwa muuza mitumba. Lebo imebanduka. Tukaiweka tukijua ni karate.

Hakuna jina la picha. Hakuna muziki. Vijana wanne wanacheka kwenye gari, camera inarukaruka. Tena wanaongea Kireno.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, wakuu. Kwetu Kireno ni lugha ya Msumbiji, ng'ambo hapo. Kwamba Wabrazili nao wanaongea Kireno, hiyo habari ilikuwa haijafika Lundo. Brazili tuliijua ya mpira tu, na wale wachezaji hawakuwahi kutusemesha.

Osmund akanituma nikamwite Mama Adelino aje kutafsiri. Alikuwa hajawahi kukanyaga bandani. Akaja na kanga yake ya kanisani, akakaa benchi la mbele.

Mwanzoni alitafsiri vizuri tu. "Anasema wamepotea. Huyu anasema njia ni kule. Huyu anasema hapana."

Akaanza kufa wa kwanza. Watu kimya, karanga zinaendelea. Akafa wa pili. Akafa yule msichana.

Mwalimu Alto wa shule ya msingi akasema jamani hii ni picha ya kuigiza. Wakamgeukia. Baba Sekunda, mvuvi mwenye sauti kuliko injini, akamuuliza, "Waigizaji huwa wanapendeza, mwalimu. Hawa mbona wana chunusi?"

Mwalimu akarudi kutazama.

Mzee Gaudens, katekista wetu, naye alitoa maoni yake. Alisema picha yoyote yenye watu wanne msituni wanakufa, na hakuna hata mmoja anayefanya ishara ya msalaba, haiwezi kuwa imetungwa. Mtunzi angekumbuka.

Tukabaki na kijana mmoja. Watu wakamshika huyo kuwa ndiye steringi, wakatulia. Akaisogeza camera usoni, analia, kamasi zinamtoka, anaongea kwa kunong'ona.

Mama Adelino akaacha kutafsiri. Osmund akamwambia, "Mama, anasemaje?"

Akakaza kanga yake. Halafu akasema taratibu, sauti imenyooka:

"Anasema, 'Mama, usiningoje tena. Mimi nimeishia huku. Usinifunikie tena chakula.'"

Kijana akavutwa gizani. Camera ikaanguka, ikaendelea kuonyesha majani. Mkanda ukaisha.

Steringi amekufa.

Karanga zikabaki viganjani. Hakuna aliyetafuna. Kisha Mama Adelino akafungua kilemba, akashuka kwenye benchi, akakaa chini kwenye vumbi la banda, akapiga yowe la mzazi.

Wanawake wakashuka naye. Wanaume wakatoka nje, wakaanza kutafuta kuni za kuota. Msiba umeanza, na nyuma ya TV kuna kaseti ya karate inasubiri zamu yake.

Osmund akaninong'oneza nizime jenereta.

Kufika jioni habari imekamilika. Yule kijana ndiye Adelino, camera imeokotwa msituni Msumbiji, muuza mitumba kaileta bila kujua. Baba Sekunda, ambaye hajawahi kumwona Adelino hata siku moja, aliapa kwamba masikio ni yale yale.

Wamatengo wa milimani wakashuka kutoka Ruanda, ile ya huku Mbinga, na maharage. Watu wa ziwani wakaleta usipa, dagaa wetu. Mzee Gaudens akaongoza sala, akaomba majina ya marehemu. Mama Adelino akamtajia moja tu.

Kisha wazee wakakaa kujadili suala la kaseti. Maoni yao yalikuwa kwamba kila ikirudishwa nyuma na kuwekwa upya, mtoto anakufa upya. Hilo halivumiliki. Ukachimbwa mgomba, ukaviringishwa sanda, kaseti ikawekwa ndani, ukazikwa kando ya shamba la muhogo la Mama Adelino, na msalaba juu.

Osmund alisimama kaburini analia kwa uchungu kuliko wafiwa. Kaseti ilikuwa ya kuazima.

Yule muuza mitumba wa Mbinga alimuuliza kaseti iko wapi. Osmund akamjibu ukweli, kwamba imezikwa. Hawajaelewana mpaka leo.

Matanga yakaanuliwa. Mama Adelino akanyolewa, akaoga, na jioni yake akapika ugali wa mtu mmoja. Majirani waliokwenda kuchungulia walirudi wakasema kawa limetundikwa ukutani.

Sasa songa mbele mpaka juzi juzi. Mtu kaweka kipande cha ile movie kule kwenye uzi, nikafungua nicheke na nyie. Nikaona lile gari. Nikaona zile chunusi.

Nikaitafuta nzima, yenye maandishi ya Kiswahili chini. Nikafika pale kijana anapolia akinong'ona kwenye camera.

Anasema betri inakwisha, na kwamba wenzake wamemaliza biskuti.

Hakuna mama. Hakuna chakula kilichofunikwa.

Nikairudisha nyuma, nikaitazama tena. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Krismasi nikaenda Lundo. Mama Adelino yupo, mzee sasa, anaona vizuri kuliko mimi. Nikamwamkia, nikamwonyesha ile sehemu. Akaitazama mpaka mwisho bila kutikisika.

Nikamwambia, "Mama, huyu anazungumzia biskuti."

"Kwani wewe unajua Kireno?"

"Yameandikwa hapo chini, mama."

Akanirudishia simu. Akasema Kireno cha wale watoto kinaimbaimba, nusu hakukisikia, na alijua toka ile sehemu ya gari kwamba si watu wa kwao. Tena yule msichana aliyekufa, tumbo lilikuwa linapumua.

"Sasa mbona ulisema vile?"

Akakaza kanga yake, kama siku ile.

"Mwanangu, nyie wote mlikuwa mnasema steringi hafi. Na mimi nilimngoja Adelino kwa sheria hiyohiyo. Siku ile nikaona wa kuniletea habari yake hatakuja, basi nijiambie mwenyewe, na watu wakiwepo."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kuujua ukweli miaka mingi na bado akahitaji kijiji kimsaidie kuubeba. Akipata upenyo, hata kwa movie mbovu, muache apite.

Kule mmeandika kwamba haina stori, na mwisho wake haueleweki. Ni kweli, nimehakikisha. Sisi tulipata tafsiri nzuri.

Mimi naipa nyota zote. Mawe yenu nayasubiri hapo chini, ila kabla hujarusha, niambie kwenu mtu akipotea moja kwa moja mnafanyaje.