Gari Langu Lilivyodai Kadi Harusini Kimbiji

Jamani, hili nalisema leo kwa sababu najua mmeshalisikia kwa watu na kila mtu ameongeza chumvi yake, bora mlipate kwangu mwenyewe niliyeaibika. Na nianze na lililo baya zaidi. Chanzo chake si gari, si barabara, wala si fundi. Chanzo ni kijicho. Mie nilikuwa namwonea wifi yangu Rehema kijicho, tena kile cha kulala nacho na kuamka nacho.

Rehema ni dada wa mume wangu, anakaa Kinondoni, na ana kijipu kidogo cha kijivu cha zamani, rangi imepauka boneti zima, kiti cha dereva kimeshonwa mara mbili (mara ya pili nilikishona mie, maana kazi yangu ni kushona makochi pale Keko). Basi hicho kijipu hakijawahi kulala gereji. Kukiwa na shughuli yoyote ya ukoo utasikia Rehema atapeleka, Rehema atapitia, mgonjwa apande kwa Rehema, na mama mkwe wangu akitaka kwenda Vingunguti kufuata nyama ya hitima anampigia Rehema atoke huko Kinondoni, wakati mie nipo naye nyumba moja hapa Temeke. Roho ilikuwa inaniuma, nyie acheni tu.

Nikajinyima, nikanunua langu. Kijipu cha aina ileile ila toleo la karibuni, cheupe, kimetumika Japani kikaletwa, buti lake linajifungua lenyewe ukibonyeza kitufe, na zaidi ya yote kinaongea. Ukiwasha tu, sauti ya dada wa Kijapani inatoka kwenye dashibodi, maneno mengi ya haraka, mie nilikuwa naambulia mawili: "kaado" na "masen". Siku ya kwanza mama mkwe akauliza, "Anasemaje huyo?" Nikamjibu bila kupepesa macho, "Anakukaribisha mama. Kaado ni karibu, masen ni kwa heshima kubwa." (Sijui Kijapani hata cha kuombea maji ya kunywa.) Mama akafurahi, akawa kila akipanda anaitikia, "Ahsante mwanangu," na habari za gari la mkwe wa fulani linalosalimia wazee zikaenda mpaka msikitini.

Shida ni kwamba lilikuwa linaongea vizuri kuliko linavyotembea. Mwezi wa kwanza likazimika njiani, wa pili likagoma kuwaka, leo sensa, kesho mpira wa rejeta, na mie kwa kuogopa Rehema asisikie, kila mtu akiniuliza gari liko wapi nasema nimelipeleka kuoshwa. Likawa ndilo gari linaloogeshwa kuliko yote Temeke. Fundi wangu Chande, mtu mpole sana, mwishoni akaniambia, "Sista, chombo chako cha maji kina ufa. Mpaka tupate kingine, jaza maji kabla ya kila safari. Na ile picha nyekundu ikiwaka, simama hapohapo, zima, usibishane nayo."

Sasa ikaja harusi ya shemeji yangu Shabani, mdogo wa mume wangu, anaoa Kimbiji, binti anaitwa Saumu. Mnajua wenyewe kwetu sanduku la bi harusi linapelekwa na wanawake wa upande wa mume, na bi harusi havai mpaka sanduku lifike, maana kila kitu kimo humo, gauni, shela, viatu, mpaka udi wa kujifukiza. Rehema alikuwa ameshasema atanunua begi la magurudumu alibebe kwenye gari lake. Mie nikasema haiwezekani, kwani sie hatuna heshima? Nikawaambia mafundi wa Keko wanitengenezee sanduku la mninga, limenakshiwa, kubwa, zito, wanaume wanne ndio wamelipandisha kwenye gari langu kupitia lile buti la kitufe, viti vyote vya nyuma vimelazwa. Likajaa humo ndani mpaka nafasi ikabaki ya watu wawili tu, mie na mama mkwe. Nilijisikia raha ajabu.

Ndoa ilikuwa baada ya sala ya alasiri, sie tulipangiwa kutoka saa sita. Nikatoka nje na jagi la maji nijaze kama fundi alivyosema, na ndio naikuta gari ya Rehema imeshafika, yeye mwenyewe yuko na dera la sare, amefungua boneti lake wazi kabisa mbele ya wageni wote, anapima oili, anafuta kijiti kwa kitambaa, hana habari. Akanigeukia.

"Wifi, jagi la nini?"

Hapo ndipo nilipoamua. Uamuzi wenyewe mdogo tu, hata dakika haukuchukua. Nikasema, "Namwagilia maua." Na sie hatuna maua. Tuna mchongoma wa uani, na nikaumwagilia maji yote, huku wageni wananitazama, nikarudisha jagi ndani na nikapanda gari.

Dada wa Kijapani akaongea, mama akaitikia ahsante mwanangu, vigelegele, tukaondoka. Daraja la Kigamboni tukavuka vizuri, Kibada tukapita, Rehema yuko mbele na mashangazi wake wanaimba, mie nyuma na kiyoyozi changu nimekifungulia mpaka mwisho ili mama aone tofauti. Lami ilipoisha vumbi la Rehema likawa linatuingia usoni, nikasema moyoni leo silali nyuma yake, nikakanyaga mafuta nimpite. Ndio picha ikawaka. Nyekundu, kama ufunguo uliozama majini, na mawimbi chini yake.

"Na hiyo je?" mama akauliza.

Nilijua. Fundi alikuwa ameniambia kwa mdomo wake. Lakini nilikuwa nimeshawasha taa ya kumpita Rehema na mashangazi wananiona. "Hiyo inaonyesha tunakaribia bahari, mama," nikasema.

"Mashallah," mama akasema. "Limejuaje?"

Tukampita Rehema. Nikapiga na honi. Kilomita moja mbele moshi mweupe ukatoka chini ya boneti, gari likakohoa mara mbili, likanyamaza katikati ya mashimo, na mama kwa utulivu kabisa akaniuliza, "Tumefika?"

Rehema akasimama nyuma yetu, akashuka. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma, angecheka ningepata cha kumjibu. Akasema tu, "Wifi, hili halitembei tena leo. Tuhamishie sanduku kwangu, mtoto wa watu anangoja." Nikabonyeza kitufe cha buti. Kimya. Nikabonyeza tena, buti likalia kidogo kama mtu anayesafisha koo, likagoma. Kwa milango ya pembeni sanduku halipiti. Tukajaribu kulifungua humohumo ndani tutoe nguo mojamoja, mfuniko ukagonga paa kabla hata mkono haujaingia. Mashangazi watatu wamelala juu ya mninga wangu na sare zao, wanasukuma, wanatoka jasho, mmoja akasema, "Hivi nani aliyesema begi halifai?" Mie nilikuwa naangalia minazi.

Simu ya Rehema ikaita, ni mama wa bi harusi, anasikika mpaka kwetu: "Mwanangu amekaa na kanga tangu asubuhi, shehe ameshafika, bwana harusi ameshafika, sanduku liko wapi? Au mmeghairi?"

Mama mkwe alisikia lile neno, mmeghairi, na nikamwona uso umemshuka. Anamuoza mwanawe wa mwisho na watu wa Kimbiji wanadhani tumewadharau. Nikatamani ardhi inimeze. Rehema akamwambia, "Tunakuja mama, nipe nusu saa," akafungua buti lake, na humo nikaona madumu mawili ya maji, kamba nene, bisibisi, na tochi. Akafunga kamba kwenye gari lake na kwenye langu.

Basi ndivyo tulivyoingia Kimbiji. Kijipu cha kijivu kilichopauka mbele, kinavuta, na nyuma yake kijipu cheupe kimevalishwa maua na riboni, ndani yupo mama wa bwana harusi na dera lake la dhahabu, na mie nimeshika usukani nageuza tu kulia kushoto kama mtoto anayecheza. Wanawake wa upande wa bi harusi walikuwa wamejipanga mlangoni kutupokea na vigelegele. Vikaanza, vikapungua, vikakatika. Mwisho kikabaki cha bibi mmoja ambaye nadhani haoni vizuri.

Nikazima swichi, nikawasha tena nijaribu kile kitufe cha buti. Dada wa Kijapani, kwenye ule ukimya wote, vioo vyote viko chini, akasema maneno yake yote kwa sauti safi. Mama kwa mazoea akaitikia, "Ahsante mwanangu."

Mzee mmoja akasogea, kumbe ni Mzee Makame, mjomba wake bi harusi, alikuwa baharia miaka mingi kwenye meli za Wajapani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamgeukia mama. "Unamshukuru kwa lipi, dada yangu?"

"Si ananikaribisha? Mkwe wangu ameniambia, kaado ni karibu."

Mzee akanitazama. Nikamwomba kwa macho, wallahi nilimwomba. Akasema, "Hapana. Kaado ni kadi, ile ya kulipia barabara huko kwao. Anasema hamjaweka kadi."

Nyie! Upande wa bi harusi wote mlangoni walisikia. Shangazi mmoja akapokea palepale, "Kumbe! Gari lenyewe linajua kwamba halijaalikwa!" Na wengine wakazuia mlango kwa mikono, "Hamuingii bila kadi! Hata gari limekiri!" Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama mkwe hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Na ile ya bahari?" Nikasema, "Mama, ile ilikuwa maji yamekwisha."

Aliyetuokoa ni nani? Rehema, na dera lake la sare, alipanda ndani ya gari langu akatambaa juu ya sanduku, akatafuta kijifuniko kidogo kwenye mlango wa buti, akachokoa na bisibisi, buti likafunguka. Alitoka na vumbi kichwani na mshono wa dera umeachia ubavuni. Saumu akavaa, ndoa ikafungwa magharibi inakaribia, na mie nilikula pilau nikiwa nimeegemea ukuta wa jikoni na wapishi.

Nilimuuliza baadaye kile kijifuniko alikijuaje. Akasema, "Wifi, gari yangu inaharibika kila siku. Mie huwa nauliza fundi tu, sioni haya." Miaka yote hiyo nilikuwa namwonea kijicho cha bahati, kumbe hakuwa na bahati yoyote.

Tangu siku ile nimeapa sitatafsiri tena lugha nisiyoijua, na maji najaza kila asubuhi barabarani, boneti wazi, apite anayepita. Kijicho hakijaisha chote, nisiwadanganye. Juma lililofuata Rehema alikuja na kadi ya mwaliko ya harusi ile, akaichomeka kwenye dashibodi yangu, akasema, "Haya, lisikusumbue tena." Nilitaka kuitoa siku hiyohiyo. Lakini sasa nikiwasha gari, dada akidai, mama mkwe anaigusa ile kadi kwa kidole na kumjibu, "Ipo, mwanangu. Tumepewa na Rehema."