Muthokoi Uliofunikwa Ukiwa Moto

Harusi yangu niliipikia mwenyewe, na mpaka leo nina hasira. Si hasira ya kupika. Kupika ndiyo kazi yangu: nina kibanda Upper Hill, nyuma ya maofisi, na watu wa benki hula kwangu mchana pamoja na wale wanaotoka kuona wagonjwa wao. Najua chakula kinacholala kikaamka kizuri, na kile ambacho kikilala basi, kimeharibika. Kwa hivyo mume wangu aliposema tuingie kanisani Julai, mtoto wetu akiwa bado wa kubebwa, nilimwambia sawa, lakini hakuna kukodisha wapishi. Pesa hatukuwa nazo. Na hata tungekuwa nazo, nani angenipikia mimi?

Shangazi wa mume wangu hakupenda. Alikuja kwa mama yangu Kawangware, akakaa bila kuvua koti.

"Sasa mtatulisha kiporo?"

"Kiporo ni chakula kilichobaki, shangazi. Hiki hata hakijaliwa."

"Wewe una mdomo."

"Na friza pia ninayo."

Mama alicheka. Shangazi hakucheka. Alisema watu wao wa Kiambu hawajawahi kuaibishwa na chakula, na siku hiyo kikikosa kutosha, au kikiwasumbua watu tumbo, atasimama mbele ya wote aseme ni bibi harusi aliyetaka hivyo. Hapo nikaelewa. Nikishindwa kulisha wageni siku moja, kwa hao watu nitakuwa mke aliyeshindwa kulisha wageni mpaka nizeeke.

Nikajipanga. Chapati nilianza mapema wiki hiyo. Niligeuza kila moja upesi, ikiwa bado nyeupe, nikaziacha zipoe kabisa, nikatenganisha na nailoni, zikaingia friza. Siku ya kula unazimalizia na mafuta na hakuna atakayejua. Nyama ilichemshwa ikagandishwa na supu yake. Na muthokoi, kwa sababu sisi Wakamba hatuolewi bila muthokoi. Mama aliyatwanga mahindi mwenyewe, kwa kinu, mpaka maganda yakatoka. Ijumaa asubuhi tukayachemsha na maharagwe, bila chumvi, bila kitunguu, kisha tukayatandaza mezani juu ya vitambaa safi yapoe na kukauka. Baridi ya Julai ni friji ya bure. Kesho yake ilibaki kukaanga vitunguu tu na kuyamimina.

Jioni nikaenda kusukwa, nikalala huko kwa rafiki. Mama akaenda kanisani kupanga viti. Shangazi, aliyekuja kulala kwa mama, akabaki na mtoto, akaona mahindi yamelala mezani baridi, akatuhurumia. Ndivyo alivyonieleza mwenyewe, alituhurumia. Akayarudisha kwenye sufuria, akayapasha moto hadi yakafuka mvuke, akafunika, akazungushia blanketi la mtoto wangu na gunia juu, vile wanawake wa kwao hufunika chakula wakienda kupeleka mahari. Lakini chakula cha mahari huliwa kikifika. Hiki kililala ndani ya joto usiku mzima. Mama aliporudi aliambiwa kila kitu kiko sawa, akaamini.

Asubuhi nilifika kukaanga, nikafunua. Povu. Chakula kilinuka kama pombe ya busaa.

"Weka magadi kidogo," shangazi akasema. "Itarudi."

"Ndio watu wahare wakiwa na suti?"

"Basi nimpigie mtu wa hoteli alete wali."

"Weka hiyo simu chini, shangazi."

Mama aliangalia sufuria, akaangalia mikono yake, akaenda kumwaga. Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na haijapata pa kwenda.

Nikatuma mtu akalete viazi. Viazi vikaingia kwenye mchuzi, kabichi ikaongezwa, chapati nikazikata vipande. Kisha nikatoa amri: meza ya maharusi itakula mwisho.

Shangazi alishika kifua. "Kijana wetu ale mwisho kama mpishi?"

"Ameoa mpishi. Na wewe ndiye utagawa chapati. Mtu akirudi mara ya pili, utamjibu wewe."

Kule Kileleshwa, kwenye uwanja wa kanisa, nilikaa na gauni langu jeupe nikihesabu sahani kwa macho. Watu wa shangazi mwenyewe, wanaomwita tata, ndio walirudi wa kwanza. "Ongeza hapa, tata, sisi ni wa nyumbani." Nikamsikia akiwafokea: "Keti chini! Kuna watoto hawajaonja." Mstari ukaisha. Walinzi wa lango wakala. Kwaya ikala. Ndipo shangazi akatuletea sahani zetu, kabichi nyingi na vipande vya chapati vya pembeni.

"Imetosha," akasema.

"Nimeona."

Akainama. "Ile maneno ya blanketi, si tuiache hapa hapa?"

"Mimi sitasimama kuitangaza. Lakini yale mahindi mama yangu aliyatwanga. Nenda umwambie pole kabla keki haijakatwa."

Mume wangu alianza kukohoa. Nikamkanyaga kiatu chini ya meza.

Shangazi alienda. Nilimwona amesimama mbele ya mama, kilemba kimeinama, anaongea. Mama alimwacha asimame kidogo. Kisha akasogea kwenye benchi, akampa nafasi. Mimi nikala. Nilikuwa na njaa tangu asubuhi.