Kifuniko cha Kopo la Halwa

Karani wetu wa hapa mtaani Mabela ana mikono minene kama magogo, na kanzu zake zote zimeongezwa kitambaa mabegani. Tangu aanze kujidunga sindano za insulini ili akuze misuli, sukari humshuka kila anyanyuapo vyuma. Daktari alipomwambia aache, alijibu "inshallah" kwa sauti ya mtu aliyealikwa harusi asiyotaka kwenda. Akitembelea watu hunywa kahawa, lakini halwa huisukuma kwa kidole kimoja: "Hiyo sumu." Kumbe gerejini kwake, nyuma ya vyuma, kaficha kopo zima. Ijumaa moja katikati ya mazoezi jasho la baridi lilimtoka, akalikumbatia kopo lake. Kifuniko kikagoma, vidole vilitetemeka mno. Bibi yake, aliyeingia kutafuta ufagio, alilichukua akalifungua kwa kidole gumba.

"Mikono yote hii ya nini, mjukuu wangu?"

"Misuli nnayo, bibi," alisema, halwa imemjaa mdomoni. "Nguvu ndo naazima kwako."

Karani alicheka peke yake. Sindano hajaziacha, ila siku hizi, kabla hajashika chuma, humwekea bibi kiti karibu na kopo.